Mwandiko Kwenye Kopo

Asubuhi ya Siku ya Chungu, Nyumba ya Mfungo ilinukia kande mpaka barabarani. Wagonjwa sita walikaa kwenye benchi nje ya jiko wakinusa tu, maana kula vyakula vigumu hawakuruhusiwa. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Mgonjwa aliyemaliza siku zake ishirini na nane bila dawa, ambaye kesho yake angeshushwa Kituo cha Mshono kupasuliwa, alipika chakula alichokitamani kuliko vyote. Yeye mwenyewe hakula, wenzake hawakula. Waliokula ni wale waliokwisha kupasuliwa na kupona, ambao walipanda kilima siku hiyo kila mmoja na sahani yake, ili wanaosubiri wawaone wakitafuna.

Aliyeianzisha desturi hiyo alikuwa Sista Atuganile Mwakipesile, ingawa hakuna aliyekumbuka tena, na yeye hakuwa mtu wa kujitangaza. Alikuwa muuguzi wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mweusi shingoni. Kazi yake katika nyumba ile ilikuwa moja tu: kuwa mtu. Sheria ilisema hivyo hivyo. Mashine zilipima joto, damu, choo na usingizi wa kila mgonjwa, lakini sheria ikataka pia awepo binadamu mmoja wa kukaa nao. Basi Sista alikaa nao. Aliwachujia uji wa mchele, akawapondea ndizi mpaka zikawa laini, akawasimulia habari za Tukuyu ya zamani, mvua ilipokuwa inanyesha miezi tisa mfululizo na nguo zikikaukia juu ya moto wa jikoni.

"Sista, njoo uonje chumvi," aliita Bupe.

Bupe Mwambene ndiye aliyekuwa na zamu ya chungu. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili kutoka Kyela, miaka ishirini na minne, mcheshi, mwenye sauti ya kuwanyamazisha watoto sitini kwa mara moja. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na anakoroga kande kwa mwiko mrefu, jasho linamtiririka.

Sista alipokea kijiko, akaonja, akatafuna polepole kama alivyozoea kutafuna kila kitu. "Chumvi iko sawa. Karanga umezidisha."

"Karanga hazizidi, Sista."

Sista akacheka, akainua macho kumtazama, na kicheko kikakatika. Mvuke ulikuwa umepungua, na mwanga wa dirisha ukamwangukia Bupe usoni. Mashavu yalikuwa yamejaa, ya duara, yanang'aa. Chini ya masikio vilikuwa vimeota vinywele vyembamba ambavyo mwezi uliopita havikuwepo. Na kwenye mkono ulioshika mwiko, pale ulipogusa tu ukingo wa chungu, palikuwa na doa jeusi la damu iliyovia.

Aliujua uso ule. Aliwahi kuuvaa.

*

Zamani, kabla ya Kimya, wodi namba sita ilikuwa imejaa nyuso za namna ile. Wagonjwa wenyewe waliuita uso wa predi, kwa jina la kidonge walichomeza, predinisoloni, na walitaniana kwa uso huo kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Sista Atuganile alipougua akiwa na miaka ishirini na saba, mama mkwe wake mtarajiwa alimpongeza kwa kunenepa, akasema ni dalili ya moyo uliotulia. Moyo haukuwa umetulia hata kidogo. Alikuwa anakwenda msalani mara kumi na tano kwa siku na kurudi na damu. Hata hivyo alipenda kuikumbuka wodi ile. Walikuwa wanaimba mle. Walikuwa wanafichana habari mbaya kwa adabu na kugawana sabuni.

Ugonjwa ulikuwa ule ule wa leo. Askari wa mwili, wanaotakiwa kupigana na wadudu, wanageuka na kuupiga utumbo wa mwenyewe, mpaka unavimba, unachubuka, na mwisho unajaa makovu na kubana. Dawa ya siku hizo ilikuwa kuwafunga askari mikono. Predi iliwafunga vizuri sana, ila iliwafunga wote, wabaya kwa wazuri, kwa hiyo mtu akijikata kidole kidonda kilikaa wiki tatu.

Kisha ikaja Kimya, punje isiyozidi ya mchele, inayopandikizwa chini ya ngozi ya tumbo. Askari wakianza fujo, punje inatoa dawa kidogo na fujo inaisha. Watu walilia kwa furaha mwaka ule. Wodi namba sita ikafungwa, vitanda vikapelekwa shule ya bweni, na viwanda vikaacha kutengeneza predi kabisa.

Lakini makovu ya zamani yaliendelea kubana, na wengine ilibidi wakatwe kipande cha utumbo na ncha mbili ziunganishwe. Hapo ndipo Kimya ilipogeuka adui. Mshono wa utumbo unaponywa na askari wale wale walionyamazishwa. Mgonjwa akipasuliwa dawa ikiwa bado mwilini, mshono unaweza usishike. Siku ya tano au ya sita unaachia, uchafu unamwagika tumboni, na mtu aliyekuwa anaomba chai asubuhi anakuwa maiti jioni yake. Walikufa wengi mno miaka ya mwanzo. Ndipo ikajengwa Nyumba ya Mfungo ili punje izimwe siku ishirini na nane, damu isafike, na ndipo ikatengenezwa Mizani, mashine ya kuipima damu hiyo. Mizani ilitafuta dawa arobaini na moja. Alama ikiwa chini ya tano, mgonjwa anaunganishwa. Ikizidi, anahesabiwa kuwa amevunja mfungo, anafutwa, na nafasi nyingine anaipata baada ya miezi kumi na minane.

Kwenye mlango wa chumba cha Bupe asubuhi hiyo paliwaka namba tatu, ya kijani.

*

Sista alimwachia mwiko mgonjwa mwingine na kumshika Bupe mkono, taratibu, upande usio na doa. Walipofika chumbani alifunga mlango.

"Umemeza nini?"

"Sijameza kitu. Namba si hiyo hapo nje?"

"Bupe, mwanangu, mimi nilikuwa na mashavu hayo kabla mama yako hajakuzaa. Usinifanye mtoto."

Bupe alipiga magoti na kuvuta begi lake kutoka uvunguni mwa kitanda. Akatoa kopo la chai la bati, la rangi ya bluu, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira. Akamkabidhi Sista kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa zawadi.

Sista aliligeuza, akakuta plasta ya hospitali iliyokwisha kuwa ya manjano, imebandikwa ubavuni, na juu yake maneno ya wino yaliyoandikwa kwa herufi za kulalia kushoto. Aliyasoma mara mbili. Akakaa kitandani.

*Ipyana. Vinane kwa wiki moja. Saba kwa wiki moja. Sita kwa wiki moja. Uteremke hivyo hivyo. Usiache ghafla, hata wakikuambia uache. Muuguzi A. Mwakipesile.*

Mwandiko ulikuwa wake. Akamkumbuka Ipyana mara moja, mwanamke wa kitanda cha dirishani, mjamzito wa miezi mitano, ambaye kila asubuhi alichana nywele za wagonjwa wenzake mmoja mmoja. Madaktari walitaka kumpasua. Sista akapigania apewe predi kwanza, akashinda, na Ipyana akatoka wodini kwa miguu yake. Kumbe mimba ile ndiyo hii iliyopiga magoti sakafuni.

"Mama ndiye aliyekuwa analiweka kabatini, na vidonge vyake vya akiba ndani," alisema Bupe. "Mpaka anafariki, kila akilifuta vumbi alisema, kopo hili ndilo lililoniokoa nisikatwe, na aliyenipa ni Sista Atu. Siku ya tisa ya mfungo tumbo lilianza, Sista. Damu. Nikajua mashine zikigundua ugonjwa umeamka nitarudishwa nyumbani. Nikameza vinane. Kesho yake nikapata nafuu. Nikataka kuacha, lakini imeandikwa usiache ghafla, hata wakikuambia uache. Nimefuata ulivyoandika. Sasa niko kwenye sita."

Sista aliandika maneno yale kwa sababu ni kweli. Mwili uliozoea predi huacha kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla, mtu anaishiwa nguvu, shinikizo la damu linaporomoka, anaweza kufa bila kuguswa na kisu. Na mashine ya kupasua, isiyojua kwamba Bupe anameza kitu, isingempa hata tone la dawa ya kumshikilia mezani. Kwa hiyo kumnyang'anya kopo kulikuwa hatari, na kumwachia kulikuwa hatari.

"Namba ni tatu," alisema Bupe, haraka haraka sasa. "Mashine haioni. Kesho saa nne naunganishwa, yanaisha. Ukisema, wananifuta. Mwaka na nusu, Sista! Utumbo wangu umebaki upenyo wa mrija wa soda, wamenionyesha picha. Sitafika. Niapie hutasema."

"Siapi."

"Basi kaa kimya tu."

"Na mshono ukiachia?"

"Unaweza usiachie."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuumiza Sista kuliko yote. Wapo walioponea. Alimtazama binti yule aliyefanana na mama yake kwenye paji la uso, akatamani sana kuwa mzee asiyeona vizuri.

"Rudi kwenye chungu chako," alisema. "Nipe saa moja. Na kidonge cha leo umemeza?"

"Bado."

"Meza."

*

Dokta Gwamaka Mwaijande alikuwa kwenye chumba cha Sindano, anakunywa chai karibu na mashine ambayo kwa miaka kumi na tisa ilikuwa imemfanyia kazi yake. Sindano ilikuwa na mikono minane, myembamba, iliyokunjwa kwa adabu juu ya meza ya upasuaji. Ilikata na kuunganisha utumbo kwa dakika arobaini na haikuwahi kutetemeka. Kazi ya Gwamaka ilikuwa kubonyeza kitufe cha kuanza na kutia saini mwisho.

Sista alimwekea kopo mbele yake.

Gwamaka alisoma plasta, akafungua kifuniko, akanusa. "Predi? Predi si ilikufa, Sista?"

"Iko hai kwenye mashavu ya Bupe. Wiki tatu kasoro siku mbili."

"Mizani imesema tatu."

"Mizani haijui predi. Waliifuta kwenye orodha ili kipimo kiwe cha haraka. Wewe mwenyewe ulikuwa kwenye kikao."

Ni kweli alikuwepo, na ni kweli alinyoosha mkono. Aliweka kikombe chini. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari Sista alipokuwa msimamizi wa wodi, na hata sasa, mvi kichwani, alipokaripiwa naye alikaa wima.

"Nikiiandika, Mizani inamfuta leo hii," alisema. "Nisipoiandika, Sindano inaunganisha. Haijui kitu kingine. Waliotengeneza Sindano hawakuifundisha njia ya tatu, walisema zama zake zimepita."

"Wewe unaijua."

Gwamaka alimwelewa papo hapo, akatikisa kichwa. Njia ya tatu ilikuwa ile ya zamani: kukata kipande kibovu, usiunganishe chochote, na kuutoa mdomo wa utumbo nje kwenye ngozi ya tumbo, choo kiwe kinaingia kwenye kifuko. Pasipo na maungio tumboni, hakuna maungio ya kuachia. Miezi sita ikipita, mgonjwa akishashuka kwenye vidonge pole pole na kunenepa vizuri, ncha zinaweza kurudishwa.

"Sijashika kisu miaka kumi na tisa, dada."

"Kumi na tisa si mingi."

"Ulikuwa unanichapa vidole kwa koleo."

"Ulikuwa unavuta utumbo wa watu kama kamba ya mbuzi. Baadaye uliacha. Baadaye ulikuwa fundi, Gwamaka, tulikuwa tunakuja kukuangalia."

Sista akaona Gwamaka amefurahi na ameogopa vyote pamoja. Wote wawili walikumbuka chumba kile cha zamani chenye dirisha lisilofungika vizuri, redio ndogo juu ya kabati, na mtu mzima akilala mezani mikononi mwa watu. Hawakuwa wazuri kuliko Sindano. Walipoteza wengi. Lakini walijua jina la kila waliyempoteza.

"Kwa mkono inaruhusiwa maisha yakiwa hatarini," alisema Gwamaka mwishowe. "Sharti iandikwe sababu, na jina la aliyevunja mfungo. Nikiandika Bupe, adhabu inamngoja hata akipona. Siku ya kuzirudisha ncha hatapata nafasi."

"Soma kifungu kinachofuata."

Hakuhitaji kukisoma. Mgonjwa aliyemeza dawa kwa maandishi ya muuguzi hana kosa, kosa ni la muuguzi. Gwamaka aliligeuza kopo tena, akaiangalia saini.

"Hii ulimwandikia mama yake."

"Niliandika 'hata wakikuambia uache' na sikuandika zaidi. Nilikuwa na hasira na madaktari siku ile. Nilitaka kuwakomoa. Mtoto wa watu amefuata hasira zangu mpaka hapa. Andika jina langu."

"Watakutoa kwenye ile nyumba, Sista."

"Najua watanitoa."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, ila moyo ulimuuma kama mtu aliyeshikwa na kichomi. Hakuwa na nyumba nyingine aliyoipenda.

"Na mgonjwa amekubali kifuko?" aliuliza Gwamaka.

"Bado hata hajui kifuko ni nini."

*

Bupe alikuwa amekaa peke yake nyuma ya jiko kwenye kigoda. Kande zilikuwa zimeiva. Waliopona wawili walikuwa wamefika na sahani zao, na kicheko chao kilisikika upande wa pili wa ukuta. Sista alivuta kigoda kingine, akamweleza yote bila kupunguza.

"Umeniuza," alisema Bupe.

"Nimekuuza."

"Mama alikuamini wewe kuliko ndugu zake."

"Ndiyo maana nimekuja kukuambia mwenyewe. Ukikataa, hakuna wa kukulazimisha. Lakini Sindano haitakugusa, maana daktari sasa anajua."

Machozi yakamtoka Bupe, akayafuta kwa ncha ya kanga, kwa hasira. Alisema hawezi. Alisema mama yake aliishi akimshukuru Mungu kwamba hakukatwa, yeye atawezaje kutembea na choo ubavuni? Atasimamaje mbele ya darasa? Watoto wa darasa la pili wanasikia harufu ya peremende mfukoni mwa mwalimu, hicho watakikosaje? Bora asubiri miezi kumi na minane, na akifa, afe na tumbo lake.

Sista alifungua mdomo ajibu. Kabla hajatamka, chini ya gauni lake, upande wa kulia, pakatoka mlio mrefu, wa kukoroma, kama mzee anayeamshwa mkutanoni.

Bupe aliacha kulia.

"Msamehe," alisema Sista. "Huyo ni Balozi."

"Nani?"

"Zamani kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wao. Mkikaa kikao, hata kama hakimhusu, lazima aseme neno. Mume wangu alimpa jina hilo wiki ya kwanza tu."

Akasimama, akageukia ukuta wa jiko ili waliopo benchi wasione, akainua gauni kidogo. Kilikuwepo kifuko cha rangi ya ngozi, bapa, safi, kimeshikwa na kitambaa alichokishona mwenyewe. Akabandua ukingo wake. Ndani yake ngozi ya tumbo ilikuwa nyororo, na katikati kitu chekundu, chenye unyevu, cha ukubwa wa ua la mchongoma, kikitikisika polepole kwa kazi yake.

Bupe alisogea karibu bila kujijua. "Kinauma?"

"Hakina maumivu. Hakina hata adabu."

"Tangu lini?"

"Miaka thelathini na minne. Nilikuwa nacho siku nilipomwandikia mama yako hilo kopo. Nilikuwa nacho siku naolewa. Nimekaa nanyi hapa ndani mwezi mzima, nimewapikia, nimewanawisha, umeshasikia harufu?"

Bupe alitikisa kichwa.

"Mama aliijua hii?"

"Alijua. Alinichana nywele miezi miwili, angekosaje kumsikia Balozi? Aliogopa kukatwa, ndiyo, kila mtu anaogopa. Lakini siku anatoka alinishika hapa, juu ya gauni, akasema, ndaga, asante, na wewe Balozi ubaki salama."

Sista akafunga kifuko, akashusha gauni. Hakuwa amemwonyesha mtu tangu mumewe afariki. Aliona aibu ya kizee, na chini ya aibu hiyo hamu ya siku zile ikamjaa ghafla, za wodi nzima iliyojua miili yao yote na kuitania.

Upande wa pili wa ukuta mtu alisifia karanga.

"Inaweza kurudishwa ndani?" aliuliza Bupe.

"Ya kwako, pengine. Ukishuka kwenye vidonge pole pole na mwili ukipona. Pengine, mwanangu. Siwezi kukuapia."

"Wewe huapi kitu."

"Ndiyo maana ninapokuambia kwamba utasimama mbele ya darasa, unaweza kunisadiki."

Bupe aliinuka, akaenda kwenye chungu, akachota kande kwenye sahani, akaipeleka nje kwa waliopona. Aliporudi alikuwa amejikaza uso. "Mwambie daktari anoe hicho kisu chake," alisema. "Na sita zangu za kesho nani atanipa nikiwa usingizini?"

Sista akajua kwamba amekubali. "Haidrokotisoni, ndugu ya predi ya kuingiza mshipani, ipo stoo. Nitasimama kichwani pako niihesabu mwenyewe."

*

Ilichukua saa tatu na dakika kumi. Kwa dakika arobaini za mwanzo Gwamaka alitoka jasho mpaka miwani ikateleza, na Sista akamfuta mara nne. Mikono minane ya Sindano ilikuwa imekunjwa kando, taa yake imezimwa. Kisha mahali fulani, baada ya kufunga mshipa wa tatu, mabega ya daktari yakashuka, vidole vikaanza kukumbuka, na akaanza kuimba chini chini wimbo wa redio ile ya juu ya kabati. Sista aliudaka ubeti wa pili. Wakati mmoja shinikizo la damu la Bupe lilianza kuporomoka. Sista akasema, "Sasa," dawa ikaingia, na likapanda. Siku ya tano ikapita. Siku ya sita ikapita. Kidonda cha ngozi kilitoa usaha kidogo upande mmoja na wakakiacha wazi kikauke, jambo ambalo kwa mtu wa predi si geni. Tumbo lenyewe lilibaki laini.

Barua ilifika siku ya tisa. Ilikuwa ya heshima sana. Ilimshukuru Sista Atuganile Mwakipesile kwa utumishi wake, ikamjulisha kwamba nafasi ya mtu katika Nyumba ya Mfungo itajazwa na mwingine, na ikaongeza, kwa mstari mmoja mwishoni, kwamba orodha ya Mizani kuanzia sasa ni ya dawa arobaini na mbili.

Siku ya kumi na moja alikuwa anafunga mizigo. Haikuwa mingi: nguo, mwiko wake, chujio la uji, sanduku la vifuko. Mgonjwa mwingine alikuwa na zamu ya chungu na nyumba ilinukia samaki wa kukaanga. Bupe akaingia bila kubisha, akitembea polepole, mkono mmoja juu ya ubavu, mwingine una sahani tupu.

"Nimepanda kilima," alisema akihema. "Nimekuja kula."

"Utakula ndizi za kupondwa. Samaki subiri mwezi."

"Sista, na wewe umekuwa Mizani."

Wakacheka, na katikati ya kicheko pakasikika mlio mfupi, mwembamba, usiotoka kwa Sista. Bupe akajishika tumbo.

"Huyo ni nani?" aliuliza Sista.

"Katibu," alisema Bupe. "Mpaka jana alikuwa anaandika tu. Leo ndiyo kasema."

Akaweka sahani kitandani, akatoa kopo la bluu kwenye mfuko wa gauni. Vidonge vilivyobaki vilicheza ndani. "Daktari amesema nishuke kutoka sita, lakini mwandiko wake hausomeki. Nikamwambia ninaye wa kuniandikia."

Sista alikaa. Kwa kucha aliibandua plasta ya zamani, ambayo ilitoka nzima, ikaacha alama safi kwenye bati, na akaihifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Akakata plasta mpya, akaibandika mahali pale pale, akachukua kalamu. Mkono haukuwa imara kama zamani, lakini herufi zililalia kushoto vile vile. *Bupe. Sita kwa wiki moja. Tano kwa wiki moja. Nne kwa wiki moja. Uteremke hivyo hivyo. Usiache ghafla.*

Kalamu ikasimama hapo. Bupe alidhani amemaliza, akanyoosha mkono.

"Ngoja," alisema Sista. "Kuna mstari niliusahau kwa mama yako."

Akauandika chini kabisa, kwa herufi kubwa zaidi ya nyingine zote, akapuliza wino ukauke, akampa kopo. Bupe akausoma kwa sauti yake ya darasani.

"*Na umwambie kila daktari.*"

"Kila daktari," alisema Sista. "Haya, lete sahani nikuwekee ndizi."